Papa Asani, Aliyehamisha Njia ya Ziwa Kalolwe

Tarehe 30 Juni 2025, Papa Asani Lukali atarudisha funguo za lango la ofisi yetu ya Lubumbashi, kwenye barabara ya kwenda Luano, baada ya miaka thelathini na nne ya kazi katika Hifadhi ya Ziwa Kalolwe. Ishirini na saba kati ya hiyo aliitumia msituni, kando ya ziwa. Iliyobaki ameimalizia kwenye kiti cha plastiki, akiinua na kushusha kizuizi cha magari. Mkurugenzi ameniomba nimwandikie wasifu kwa ajili ya programu ya sherehe: ukurasa mmoja, wa kufurahisha. Ya kufurahisha yapo, na nitaanza nayo. Ukurasa mmoja hautatosha.

Papa Asani alizaliwa hapa mjini, katika familia ya mafundi Waislamu waliotoka Maniema zamani. Baba yake alikuwa seremala wa milango na majeneza, na kijana alijifunza yote mawili. Mwaka 1991 hifadhi ilimwita kwa wiki tatu tu, akatengeneze vitanda kumi na viwili vya nyumba ya wapandaji, yaani wale wageni wanaotembea kwa miguu siku nne kuzunguka ziwa. Vitanda vilikwisha. Yeye hakurudi. Ilipofika Krismasi alikuwa tayari ameng'oa sakafu ya nyumba hiyo kwa sababu, alisema, aliyeipigilia alikuwa na haraka ya kwenda kula.

Nyumba za kulala ziko tatu: Masuku, Mubanga na Mwisho. Kati ya moja na nyingine ni mwendo wa siku nzima, ziwa likiwa mkono wa kushoto na msitu mkono wa kuume. Zote tatu ni kazi ya mikono yake. Wachoma makala, yale makaa ya kupikia, walipoibomoa Masuku katika miaka mibaya, wakabeba hata fremu za madirisha, aliijenga upya bila kungoja barua ya mtu yeyote. Mlango wa Mwisho unafungwa kwa kidole kimoja. Aliyelala humo wakati wa mvua anajua maana yake.

Sheria ya kuni ni yake pia. Anayeondoka asubuhi lazima amwachie kuni kavu yule atakayefika jioni, mtu asiyemjua na ambaye huenda hatamwona kamwe. Rundo liwe refu kuliko alivyolikuta. Papa Asani alilipima kwa fimbo aliyoikata alama kwa kisu, na asiyefikisha alama alirudishwa porini na panga mkononi. Mapadre wawili walirudishwa. Hata mkaguzi mmoja aliyetoka Kinshasa alirudishwa, akalalamika mpaka kwa Mkurugenzi, na mwaka uliofuata akaja tena na mke wake ili amwonyeshe jinsi kuni zinavyopasuliwa.

Bado tunacheka kuhusu yule mheshimiwa aliyefika na sanduku la magurudumu na viatu vya kung'aa. Papa Asani alilibeba lile sanduku mpaka kwenye kichuguu cha kwanza, akaliweka juu yake kwa heshima zote, akamwambia kwamba kazi yake yeye ni njia, na mizigo ina mwenyewe. Mheshimiwa alifika Masuku saa kumi na moja jioni na sanduku kichwani. Watu wa mapokezi walipouliza safari ilikuwaje, alisema amependa sana hewa.

Lakini kazi yake kubwa hakuna picha inayoionyesha, kwa hiyo naieleza. Kati ya Masuku na Mubanga kuna njia mbili. Wakati wa kiangazi watu hupita chini, karibu na maji. Mvua kubwa za kwanza zikinyesha, matete ya chini hugeuka kuwa tope la kumeza mtu mpaka kiunoni, na lazima watu wapite juu, kwenye mawe. Kila mwaka mvua ilipoanza, Papa Asani alitembea njia yote ya chini, akang'oa vibao vyeupe vya bati kutoka kwenye miti, mia moja arobaini na kimoja, akapanda na kuvipigilia kwenye njia ya juu. Ilimchukua siku mbili, na mwezi wa Ramadhani ulipoangukia hapo alifanya hivyo akiwa amefunga. Kisha aliita Lubumbashi kwa phonie, ile redio yetu ya mawasiliano, na kusema maneno yale yale: "Njia ilisha kupanda." Wa Lubumbashi alipaswa kujibu "Nilisikia," kuandika kwenye daftari la phonie, na kuondoa mezani ramani za njano za kiangazi na kuweka za buluu za mvua.

Wa Lubumbashi ni mimi, Clotilde Mbuyi. Nimekaa kwenye meza hiyo ya mapokezi na phonie kwa miaka kumi na tisa.

Mnamo Novemba 2018 kikundi cha waimbaji sita wa parokia moja ya mtaa wa Annexe kilikuja kwangu kuchukua ramani. Kiongozi wao aliitwa Dédé, na mdogo kuliko wote alikuwa Adolphine, mwanafunzi wa uuguzi. Walipofika penye njia panda hawakuona kibao chochote chini. Ramani iliwaonyesha chini, nao wakadhani vibao vimeibwa na watu wa kuuza bati, jambo ambalo mtu yeyote wa mji huu angelidhani. Wakaingia kwenye matete. Adolphine alivunjika mguu kwenye mzizi chini ya tope, wakalala na mvua mara mbili kabla ya Papa Asani kuwapata, na alimbeba mgongoni mpaka Mubanga. Mguu uliunga vibaya. Anachechemea mpaka leo.

Kamati iliketi hapa ofisini mwezi wa kumi na mbili. Swali lilikuwa moja: je, mtunza njia aliijulisha ofisi? Papa Asani alisema aliita. Daftari la phonie lilifunguliwa, na siku aliyoitaja haikuwa na neno. Wakanigeukia mimi. Nilisema sikumbuki. Papa Asani alinitazama kwa muda, bila hasira, kama anayepima ubao kabla ya kuukata, kisha akawaambia wakubwa: "Kama haiko mu cahier, muandike tu: Asani hakuita."

Wakaandika hivyo. Kabla ya mwaka mpya alikuwa langoni.

Watu wengi hapa wanaamini aliomba mwenyewe kuja mjini kwa sababu ya magoti. Hata rasimu ya wasifu niliyopewa inasema hivyo. Si kweli, nami naona aibu kwamba uongo huo umezeeka mpaka umekuwa historia ya ofisi. Karibu miaka saba amefungua kizuizi kwa ajili ya gari linalonileta kazini. Kila asubuhi ameniuliza habari za watoto kwa majina yao. Mwaka wa tatu nilishuka garini nimwambie neno. Alinizuia kabla sijamaliza sentensi ya kwanza: "Mama Clotilde, acha. Batoto yako beko ku masomo." Walisoma kwa mshahara wangu, naye alijua. Akainua kizuizi, na mimi, Mungu anisamehe, nikapita.

Pale langoni hakubadilika. Zamu yake inapokwisha humwachia mwenzake maji ya chai kwenye chupa ya moto na makala ya kutosha kwenye mbabula, jiko lao. Vibao vya Kalolwe sasa havihamishwi na mtu. Ofisi iliona ni nafuu kuifunga njia yote msimu wa mvua, na nyumba ya Mubanga imeota uyoga kwenye kuta. Anajua. Alimwuliza dereva mmoja aliyetoka huko kama mlango wa Mwisho bado unafunga, na dereva hakujua kwamba Mwisho ina mlango.

Kanuni ya hifadhi inampa mtunza njia anayestaafu haki ya kukaa kwenye nyumba ya ziwani kama mlinzi wa heshima mpaka atakaposhindwa kutembea. Hiyo ndiyo zawadi pekee aliyoiomba Papa Asani. Mwezi wa nne aliandika barua ya mistari minne akiomba Mwisho. Jibu lilikuwa la mstari mmoja: faili lake lina kosa kubwa, ombi halikubaliwi. Nililipiga chapa mimi. Nilimpelekea mimi pale langoni. Aliweka sahihi ya kupokea, akaikunja karatasi mara nne, akaniuliza kama Mariam wangu amefaulu mtihani wa serikali.

Basi yasomeke hapa, kwenye programu yenye picha za maua pembeni. Tarehe 13 Novemba 2018, Jumanne, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Papa Asani aliita, nami nikajibu. Daftari lilikuwa limepelekwa juu kukaguliwa, nikaandika ujumbe nyuma ya karatasi ya kuhifadhi nafasi ili niuhamishe baadaye. Shangazi yangu alikuwa akinisubiri nje twende kwa fundi wa nguo, kulikuwa na harusi. Karatasi niliisukuma kwenye droo. Ramani za njano zilibaki mezani, na kesho yake niliwapa waimbaji ya njano kwa mkono wangu. Siku moja kabla ya kamati nilifungua droo nikaiona. Nilipowaambia sikumbuki, ilikuwa kwenye mkoba wangu.

Leo asubuhi nimeiweka juu ya meza ya Mkurugenzi pamoja na barua yangu. Ninaomba kosa litolewe kwenye faili la Papa Asani na kuwekwa kwenye langu, na nyumba ya Mwisho apewe mwenyewe. Adolphine nimemwandikia barua yake peke yake. Programu hii tayari imeshapigwa chapa nakala themanini na kugawanywa vitini, hivyo nadhani Mkurugenzi anasoma mstari huu wakati mmoja nanyi. Asome tu.

Baada ya hotuba atakabidhiwa saa ya ukutani, yeye ambaye tumemweka kuhesabu magari. Aipokee kwa roho yake nzuri. Wenzako wote, Papa Asani, tunakushukuru kwa njia, kwa nyumba na kwa kuni. Tunakuombea afya ya magoti, utulivu na ziwa mkono wa kushoto. Na lile jibu nililokupa kwenye phonie asubuhi ile, kisha nikakunyang'anya mbele ya wakubwa, nakurudishia leo mbele ya watu wote.

Uliita. Njia ilikuwa imepanda. Nilisikia.