Profesa Hakanyagi Tena Kijiweni

Kijiwe chetu ni benchi la mbele ya banda la chai la Mama Hesketh, hapa Stockport. Mimi wananiita Bubu, kwa sababu vita na Wajerumani imeisha miaka minane na sijasema nilikuwa wapi. Niliapishwa nifunge mdomo mpaka kaburini. Edmund Lathom, tuliyemwita Profesa, aliapishwa siku moja nami. Mahakama ilimtia hatiani kwa kumpenda mwanamume mwenzake, ikamwambia achague: jela au sindano za kuua matamanio. Alichagua sindano, na tangu hapo hakanyagi hapa. Nimemkumbuka mno, jamani.

— Fumbo la gazeti limekaa tupu wiki nzima, — alisema Kikohozi, mzee wa kiwanda cha pamba. — Profesa alilimaliza chai haijapoa. Neno la mwisho akiniachia mimi, nijione na akili.

— Akili gani? Vita nzima kajificha ofisini! — alisema Jenerali, ambaye vita nzima alimenya viazi.

— Mi nasikia alifundisha njiwa Kijerumani, — Kikohozi akasema.

— Njiwa wapi! Alikuwa anapima suruali za mawaziri. Penye miti hapana wajenzi.

— Sasa hiyo methali imeingiaje hapo?

— Imeingia tu, kwani kuna mlango?

Mama Hesketh akadakia toka dirishani kwake:

— Nyote waongo. Alikuwa anasikiliza samaki wakisengenya manowari.

Nilicheka kuliko wote, maana alikaribia ukweli.

— Labda samaki hao ndio waliomwokoa mwanangu Ellis, — alisema Kikohozi taratibu. — Meli yao iligeuzwa njia katikati ya Atlantiki, Wajerumani wakavizia bure. Mpaka leo hajui nani alijua kwamba wanaviziwa. Mungu mkubwa.

Niling'ata ukingo wa kikombe. Ujumbe wa siri wa Wajerumani wa kuivizia meli ile aliufumbua Profesa, mimi nimesimama pembeni yake. Nilitamani kusema: mzee, mwanao anapumua kwa sababu ya yule. Nikakumbuka kiapo, nikapiga funda la chai.

— Tungekwenda kumjulia hali, — alisema Kikohozi.

— Nenda, — Jenerali akajibu. — Kesho gazeti likuandike na wewe, kama lilivyomwandika yeye.

Kikohozi akarudi kwenye chai yake.

Hapo mama mmoja mwenye kikapu, aliyekuwa akingoja basi, akatugeukia.

— Samahanini, mimi mgeni, nimehamia juzi pale ng'ambo, juu ya duka la viatu. Bwana wa chumba jirani, kila mkikusanyika hapa anavuta kiti dirishani. Mkicheka, namsikia naye anacheka peke yake. Ni rafiki ya nani kati yenu?

Jenerali akatazama viatu vyake. Kikohozi akazungusha kikombe chake. Mimi nikainua macho ng'ambo ya barabara. Profesa alikuwa amesimama dirishani, amenenepa kwa zile sindano, mkono juu, anatusalimu. Na sisi sote tulikuwa tumeshika vikombe kwa mikono miwili, hakuna aliyeachia mmoja kumpungia.