Chupa ya Fundo la Mwisho

Baraza la mawe lililoegemea ukuta wa kanisa, mbele ya mkahawa wa Ines, lina wenyewe, na mgeni akilikalia huangaliwa mpaka anyanyuke kwa hiari yake. Asubuhi hiyo ya mwisho wa Februari walikuwapo wote wanne. Gualtiero, aitwaye Ramani, aliyepima mashamba ya watu miaka thelathini na hadi leo anayapima kwa mdomo. Celestino, aitwaye Barometa, ambaye goti lake hutabiri mvua na kukosea. Oreste, aitwaye Kengele, mpiga kengele wa kanisa, ambaye sauti yake ni ileile awe juu ya mnara au anaomba sukari. Na Delfina, aliyefunga mizabibu ya shamba la Ca' Lunèl muda wote vidole vyake vilipokubali, na ambaye hana jina la utani kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumpa. Vilima vyote vya Langhe, huku kaskazini mwa Italia, vilikuwa vyeupe kwa theluji, isipokuwa kile cha Ca' Lunèl, ambacho kilikuwa kimekwisha kuivua. Kikapuni mwa Delfina, ndani ya soksi ya sufu ya marehemu mumewe, mlikuwa na chupa ya divai ya mwaka sabini na nane. Saa sita Ludovico Bergadano, bwana shamba, angekuja kuichukua.

— Anaitakia nini? aliuliza Kengele.

— Ghala lao halina hata moja ya mwaka huo. Baba yake alizimaliza zote. Analeta kasha la chupa sita za juzijuzi tubadilishane.

— Sita kwa moja, alisema Barometa. Chukua upesi kabla hajapata akili.

— Sijasema nimekubali. Nimesema anakuja.

Chupa ile Delfina hakuinunua. Enzi za babu yake Ludovico, kila majira ya baridi, mtu aliyekaza ufito wa mwisho wa mwerebi, laini kama kamba, kwenye mzabibu wa mwisho alitengewa chupa ya mavuno ya mwaka huo, jina lake likaandikwa juu yake kwa chaki. Mwaka sabini na nane fundo la mwisho lilikuwa la Delfina. Aliambiwa asubiri miaka kumi ndipo aifungue. Alisubiri arobaini na saba: mwanzoni kwa utii, baadaye kwa mazoea, na siku hizi, jambo ambalo hakumwambia mtu, kwa woga. Je, akifungua akakuta siki? Vidole vyake vilivyopinda kwa baridi vitakuwa vimepindia nini?

— Mimi naijua siri ya divai ile, alisema Ramani. Ni udongo. Pale palikuwa bahari. Nimechimba kwa mikono yangu nikatoa kombe la chaza. Mizizi inashuka mita kumi kwenda kunywa bahari iliyokauka.

— Ulichimba shimo la choo cha akina Bergadano, alisema Delfina. Likatoka kombe moja, ukalitembeza kijiji kizima.

— Kombe ni kombe.

— Udongo uko kila mahali, alisema Barometa. Tazameni theluji. Kila mwaka inayeyuka pale kwanza. Kwa nini? Kwa sababu jua likitua kwingine huenda zake, ila pale linaingia chini likalala. Zabibu zinalala nalo kitanda kimoja. Mimi nikipita pale jioni, maumivu ya goti hili yanapoa.

— Basi kahamie huko na goti lako, tupumue.

— Nyote mmepotea, alisema Kengele. Ni mimi.

— Wewe tena.

— Mimi, na baba kabla yangu. Kilima kile kinatazamana na mnara. Nikipiga, mlio unagonga pale kabla ya kwenda popote. Mara tatu kwa siku, zabibu zinatikiswa tangu zikiwa ua. Halafu sikilizeni hili. Alhamisi Kuu kengele zinanyamaza. Siku mbili kimya. Usiku wa Pasaka nazipiga zote kwa mpigo, na divai iliyo pipani inashtuka, inachemka upya. Mwulizeni mtu yeyote wa ghalani. Mwaka sabini na nane alipiga baba, na mkono wa baba ulikuwa mzito.

Ramani alitaka kubisha, akakiangalia kilima, akaacha. Delfina hakuwa na siri ya kutoa, ila alijua jambo moja: kila alipofunga mizabibu ya kilima kile, kimya kilimshika bila kuambiwa, na yeye si mtu wa kunyamaza.

Ndipo aliposhuka kutoka kilimani Stojanka, mwanamke wa Makedonia mwenye miaka arobaini na kitu, aliyeshika kazi ya Delfina tangu vidole vya Delfina vilipogoma. Kiunoni bado alikuwa na kicha cha fito za mierebi.

— Nimemaliza, mama Delfina. Fundo la mwisho nimelikaza sasa hivi.

— Kaa, alisema Delfina, akasogeza kikapu, heshima ambayo hata askofu hakuipata.

Ines akaleta kahawa. Stojanka akawasikiliza wakirudia bahari, jua na kengele, kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia:

— Tangu nifike kijiji hiki mnaisema divai hii. Ina ladha gani?

Ramani alichungulia ndani ya kikombe chake.

— Ladha yake ni… ina ukavu fulani.

— Uliinywa lini? aliuliza Delfina.

— Kuinywa sijainywa. Naijua.

— Mimi nimeinusa, alisema Barometa. Mlango wa ghala ulikuwa wazi.

— Sisi tunakunywa dolcetto, divai ya kila siku, dada, alisema Kengele. Ile inapakiwa kwenye magari ikauzwe mbali.

— Na wewe, mama?

— Niliionja pipani, ikiwa changa. Ilinikausha ulimi kama niliyelamba ukuta. Ile haikuwa yenyewe.

Delfina aliitazama mikono ya Stojanka. Ilikuwa imepasuka palepale ilipopasuka yake, kwenye kiungo cha kidole gumba.

— Wamekupa chupa?

— Chupa gani?

— Nilidhani hivyo. Ines, lete kizibuo. Na vioshe hivi vikombe.

— Delfina, saa tano na nusu hii, alisema Ramani. Mwenyewe yuko njiani.

— Mwenyewe ni mimi.

Kizibo kilikatika katikati. Alikichokoa kilichobaki polepole, kipande baada ya kipande. Harufu iliyotoka kwanza ilikuwa ya nguo iliyokunjwa ikiwa na maji. Barometa akavua kofia kama msibani.

— Imekufa, pole sana.

— Nyamaza. Wewe ukilala miaka arobaini na saba ukaamshwa ghafla utanuka nini?

Akamimina. Ilikuwa na rangi ya kigae cha paa la zamani kilichopigwa na jua. Akaviacha vikombe kwenye jiwe, wakavingoja. Harufu ikageuka. Ikaja ya mawaridi makavu, ikaja ya lami, ikaja ya msitu baada ya mvua, na nyuma yake kitu kingine ambacho kila mmoja wao alikitambua na hakuna aliyekijua jina.

Wakanywa.

Haikuwa siki. Ramani alifungua mdomo apime, akaufunga. Barometa alilishika goti lake na kulisahau. Delfina alikiona kilima kama kilivyokuwa mwaka ule, mashada machache, ukungu, mumewe akimrushia fito kutoka mstari wa juu, na yeye kijana, mkali, amenyamaza.

— Haya, dada, alisema Kengele hatimaye, na kwa mara ya kwanza tangu abatizwe alinong'ona. Wewe ndiye uliyeuliza. Sasa sema, ina ladha gani?

Stojanka alikishika kikombe kwa mikono miwili.

— Ngoja, alisema.

Wakangoja. Walikuwa bado wanangoja gari la Ludovico liliposimama, naye akashuka na kasha begani.

— Kengele ya saa sita imepatwa na nini leo? Saa sita na robo hii. Nyumba nzima hatujui kama tutie tambi majini.

Kengele aliutazama mnara kana kwamba ni wa mtu mwingine. Ludovico akaiona chupa, akaona vikombe.

Delfina alimimina kilichobaki, akamnyooshea.

— Kasha lako utarudi nalo. Kunywa hii, kisha nitakwambia ninachotaka. Huyu Stojanka amefunga fundo la mwisho.

Ludovico alikunywa. Akakigeuza kikombe kitupu, akamtazama Stojanka.

— Chupa ya mwaka huu, alisema. Kwa chaki, jina lake. Babu alikuwa akifanya hivyo.

— Alikuwa akifanya hivyo.

Akaliweka kasha chini, akakaa ukingoni mwa baraza, uso kilimani. Na hakuna aliyemwangalia ili anyanyuke.