Mbuyi Badibanga: Miaka Thelathini na Mmoja, Siyo Saba

Leo, tarehe 31 Desemba 2004, fundi mitambo wetu Tata Mbuyi Badibanga anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye matangi ya tope la madini ya mgodi wetu wa Kolwezi. Uongozi uliniagiza niandike saba kwenye cheti chake. Eti faili lake linasema mwaka 1993 alitoroka kazi, na mtoro hupoteza miaka yake yote ya nyuma.

Mtoro huyo aliajiriwa mwaka 1969. Alikuwa akigusisha bisibisi kwenye mashine, mpini sikioni, kisha anakutajia beringi inayokufa. Wainjinia walicheka sana, halafu wakabadilisha beringi hiyohiyo.

Machi 1993 watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walifukuzwa hapa kwetu. Mbuyi, mzaliwa wa Kolwezi, akaambiwa arudi kwao, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Yeye, mkewe Tshibola na watoto wanne walilala stesheni wiki sita wakingoja treni. Majirani waliokula pilau ya harusi yake walikwenda nyumbani kwake kuchagua masufuria. Mashujaa kwelikweli.

Kazi aliipata Moritania, kwenye mgodi wa jangwani. Mwaka 1995 injinia mkuu, Mfaransa mwenye diploma tatu, alipanga zamu za Idd kwa kalenda aliyotumiwa kutoka Paris: kazi mpaka Alhamisi, sikukuu Ijumaa. Mbuyi ni Mkatoliki, lakini alikuwa amekaa miaka kumi ukuta kwa ukuta na Tata Masudi, msafirishaji Mwislamu wa hapa mjini. Akamwonya bosi wake: “Patron, bale batu banangoya mwezi, hapana kalandrie.” Injinia alimwambia ashughulike na grisi, akaenda zake pwani hotelini.

Mwezi ulionekana Jumatano jioni. Alhamisi wafanyakazi walikwenda kuswali, kama ilivyo haki yao, na tangi kubwa likabaki limejaa tope. Mikono ya chuma inayokoroga chini ikisimama, tope hukamata kama saruji, na tangi limekufa. Hakuna aliyemwamuru Mbuyi abaki. Alibaki siku mbili, akipunguza tope na kupaka grisi kwa mkono. Wenzake walikumbuka kwamba mgeni hajala, wakamletea sinia la nyama ya kondoo. Injinia alirudi amebabuka pua kwa jua, akaandika ripoti kuhusu mipango yake mizuri.

Mwaka 1997 tuliomfukuza tukamtafuta, kwa sababu matangi yetu yalikuwa yamekwama na wazalendo wetu hawakujua kuyafungua. Alikuja. Mimi nisingekuja. Hapa Kolwezi amefundisha mafundi ishirini, wakiwemo watoto wa waliochagua masufuria.

Sasa niseme jambo ambalo uongozi haukuniagiza. Neno “mtoro” liliandikwa na karani wa wafanyakazi, Gracien Kalenga, ndiye mimi. Niliambiwa andika, nikaandika, na dirishani nilikuwa naiona stesheni. Nimeona aibu kila siku tangu hapo, na sikumwambia.

Juzi nilichukua faili nikalikata neno hilo, nikaandika “alifukuzwa”, nikatia sahihi. Tata Mbuyi, cheti unachokabidhiwa leo kina miaka thelathini na mmoja. Anayetaka kukirekebisha anajua ofisi yangu ilipo.

Asante, Tata Mbuyi. Pumzika vizuri na Mama Tshibola. Msamaha sikuombi hapa mbele za watu, usije ukalazimika kunipa kwa adabu. Kesho nitakuja kwako kuuomba, na ukinifungia mlango, nitaelewa.