Kitambaa Cheusi cha MamBhele

Mwalimu Nomvuyiseko Magadla, ambaye wilaya nzima ya Peddie, Afrika Kusini, ilimwita MamBhele, yaani mwanamke wa Bhele, ukoo wa baba yake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 katika kijiji cha Ntlanjeni, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Wiseman na marehemu Nofezile Mbangi. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Mama yake alisimulia kwamba akitumwa maji, kwanza aliuliza kwa nini kaka zake hawatumwi, kisha akaenda, na akarudi bado anauliza.

Alisoma shule ya misheni ya kijijini, na mwaka 1960 akahitimu ualimu wa lugha na ushonaji. Mwaka 1964 alifunga ndoa na Zolile Magadla, mchimbaji wa dhahabu huko Welkom, wakajaliwa mtoto mmoja, Luthando. Zolile alifariki mgodini mwaka 1979. MamBhele alivaa nguo nyeusi mwaka mzima kama desturi inavyotaka, na mkuu wa shule alipomwambia kwamba nguo zile zinatisha watoto, alimjibu kwamba watoto wanaogopa hesabu na bado zinafundishwa.

Alifundisha Sekondari ya Lukhanyisweni tangu shule ilipofunguliwa. Lakini kwa wengi waliosimama hapa leo, kazi yake kubwa ni ya asubuhi moja tu, Jumatatu ya tarehe 19 Agosti 1985. Wiki iliyotangulia polisi walikuwa wamempiga risasi mwanafunzi wetu Mzukisi Ntonga kwenye maandamano, akafa papo hapo. Siku zile rangi za vyama vilivyopigwa marufuku, wimbo, hata ngumi iliyoinuliwa, vilitosha kumfukuzisha mtoto shule na kumtia korokoroni. Kitu kimoja tu kiliruhusiwa juu ya sare, nacho ni kipande cha kitambaa cheusi kwenye mkono wa shati, kwa mwanafunzi aliyefiwa. Basi Jumatatu ile shule nzima ilikuja imefiwa.

Mkaguzi wa elimu, Bwana Vermaak, alifika na gari la polisi nyuma yake. Alimkabidhi MamBhele mkasi, kwa kuwa ndiye mwalimu wa kushona.

"Haya si maombolezo, mwalimu, hii ni siasa," alisema. "Ndugu wa marehemu wabaki na vitambaa vyao. Wengine wote, kata. Na kila unayemkata, jina lake linakwenda kwa wale pale getini."

MamBhele alijua fika kwamba ni siasa. Alijua pia kwamba watoto waliochukuliwa na gari lile mwezi uliopita walikuwa hawajarudi. Aliogopa sana. Mwenyewe alisema baadaye kwamba aliuficha mkasi nyuma ya sketi ili watoto wasiuone.

"Sawa, bwana mkaguzi," akajibu. "Nitawauliza mmoja mmoja. Aliye ndugu abaki nacho."

Hapo Bwana Vermaak alijifunga mwenyewe. Kwao Wazungu, ndugu ni wale wanaokaa meza moja siku ya Krismasi. Kwetu, mwenye jina la ukoo wako ni ndugu yako hata kama hamjawahi kuonana, na ukoo wa mama na wa bibi nao unahesabika. Mzukisi alikuwa Bhele, na Peddie imejaa Mabhele.

"Wewe?"

"Mimi Bhele, mwalimu."

"Ndugu. Pita. Wewe?"

"Radebe, ila mama ni MamBhele."

"Basi umefiwa na mjomba kabisa. Pita, na uache kutafuna."

"Mimi Zizi, mwalimu. Sisi mbuzi wetu tulinunua kwa Mabhele."

"Funga mdomo wewe, bibi yako namjua, ni Bhele. Pita!"

Bwana Vermaak alianza kuwa mwekundu. "Haiwezekani wote hawa wawe ndugu!"

"Wilaya ni ndogo, bwana. Tumeoana sana."

Ndipo ilipofika zamu ya Nozibele Gqirana, msichana wa miaka kumi na mitano. Baba yake, Sajini Gqirana, alikuwa amesimama getini na bunduki. Wao ni wa ukoo wa Wanyawuza, wageni kutoka Pondo, na mama yake alikuwa Msotho. Hakuwa na tone la Bhele, na shule nzima ilijua.

"Mvue huyo!" watoto walianza kunong'ona. "Baba yake anaua, yeye anakuja kutuigizia kilio!"

Sajini naye akapaza sauti kutoka getini. "Nozibele! Toa takataka hiyo uje hapa!"

"Sitoi, Baba," alisema msichana, huku machozi yanamtoka. "Mzukisi alikuwa anakaa dawati la nyuma yangu."

Bwana Vermaak alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Na huyu, mwalimu? Huyu naye ndugu?"

Kusema ndiyo kungekuwa uongo wa wazi, na uongo mmoja ungefumua yote yaliyotangulia. Kusema hapana kulikuwa kumtoa mtoto. MamBhele aliutazama mkasi. Kisha alifumua kitambaa chake mwenyewe, ambacho alikivaa kwa haki kama Bhele, akakikata katikati mbele ya watu wote. Alichomoa sindano iliyokaa siku zote kwenye ukosi wake, akaishona nusu moja kwenye mkono wa Nozibele, juu ya kile alichokuja nacho.

"Kwetu, bwana, waliokatiwa kitambaa kimoja ni nyumba moja," alisema. "Huyu ni mwanangu kuanzia sasa. Na msiba ukishavaliwa hauvuliwi na mkasi wa serikali. Unavuliwa na wazee, siku yake ikifika."

Bwana Vermaak alimgeukia Sajini. "Ni kweli hiyo?"

Neno moja tu la Sajini lingemaliza kila kitu. Alimtazama binti yake, na watoto wakaacha kunong'ona.

"Ndiyo desturi, bwana," alisema mwishowe. Kisha akamtazama MamBhele. "Basi mchukue. Usinirudishie."

Siku ile hakuna mtoto aliyepandishwa gari. Jioni Nozibele alibisha hodi kwa MamBhele na blanketi lake kichwani, akapewa sahani ya makande na kitanda cha Luthando, ambaye alihamia sakafuni jikoni akanuna mwezi mzima.

MamBhele alifukuzwa kazi kabla ya wiki kwisha. Alishona sare za shule hadi mwaka 1991 aliporudishwa, na mwaka 1996 akawa mkuu wa shule ileile. Mwaka 1999 wanafunzi kadhaa walikuja na fulana za chama ambacho yeye hakutaka hata kukisikia kikitajwa. Wazazi walitaka wafukuzwe. "Fulana hizo zinanitia kichefuchefu," aliwaambia, "lakini mkasi niliwahi kupewa, siushiki tena." Aliwaita watoto wale ofisini akabishana nao hadi saa ya chakula. Hakumshawishi hata mmoja, na jambo hilo lilimuudhi hadi uzeeni.

Alianza kuugua kisukari mwaka 2011, na mwaka 2020 alikatwa mguu wa kushoto. Daktari alimkataza makande, akawa anayala kwa siri, na aliyempikia anajijua. Alifariki Jumanne tarehe 6 Juni 2023 katika hospitali mjini East London.

Ameacha mwana, Luthando, mkwe, Nomalizo, na wajukuu wanne. Juzi familia ilipokaa kukata kitambaa cha msiba, mzee mmoja aliuliza kwa upole kama Mnyawuza naye akatiwe. Nozibele alisema asisumbuliwe mtu. Vitambaa vya mwaka 1985 vilivuliwa na kuchomwa mwaka uliofuata kama ipasavyo, lakini yeye alikataa kuchoma chake, na MamBhele hakumlazimisha. Ameacha pia, basi, binti, Nozibele, anayewasomea maneno haya na nusu ile mkononi.

Alale kwa amani MamBhele. Mwanawe hajavua.