Rambirambi za Ngassa Aliye Hai

Sogeeni wanangu, na wewe Ferdinand usijifiche nyuma ya mama yako. Harufu ya gongo imekutangulia kuingia. Mimi Ngassa, mwana wa Ndassa, nasema mbele ya mke wangu Eufrazia na binti yangu Diana, na sitarudia.

Wakati wa mavuno ulikwenda Nemba, ukavua viatu kama mfiwa, ukalia nyumba kwa nyumba kwamba baba yako amekufa, na jina langu ukalitaja kamili. Watu wakakupa unga, wakakupa jogoo. Niragira, mjane, akakupa debe la maharage aliyoyaweka ya mbegu. Vyote ukampelekea Matiasi, naye, akijua ni vya msiba, akakupimia gongo. Kesho yake waombolezaji wakafika hapa Nyakahura na mikeka, wakanikuta napukuchua mahindi. Mmoja wao, Faustini, akasimama mlangoni: "Shikamoo, marehemu!" Nikaitika, "Marahaba." Wakacheka wote, ila Niragira. Alikunja mkeka wake akaondoka bila kuaga.

Uliiba ng'ombe wangu ukanywa, nikanyamaza, nikisema mtoto akinyea kiganja hakikatwi. Sasa kiganja chenyewe kinakwenda kufukiwa, na nani atakuja kukizika? Juzi Diana alikwenda Nemba kusema nimezidiwa. Wakamjibu, "Safari hii mnataka madebe mangapi?" Nimezika wazazi wao wote, Ferdinand! Umeninyang'anya hata kufa kwangu!

Basi shikeni hili. Shamba na ng'ombe waliobaki namkabidhi Diana. Mama yenu asihamishwe chumbani mwake. Niragira arudishiwe maharage yake kabla mtu hajala tonge katika msiba wangu. Matiasi asiguse sepetu kaburini kwangu.

Nawe Ferdinand... niinueni kidogo... nikikata roho, asitangaze mwingine. Utakwenda wewe, bila kuonja tone, kwenye milango ileile, useme nimekufa. Watakufukuza, uanze tena mlango wa kwanza. Kaburi lisichimbwe mpaka Niragira aje na mkeka wake. Na nikianza kunuka, ninuke. Wewe ndiye utakayekaa nami.

Maji, Eufrazia... yatosha.

Mungu awatunze. Diana, mshike nduguyo mkono. Mungu awatunze... na yeye. Na yeye pia.

Ferdinand. Kavae viatu.