Kivuli Kabla ya Shimo

Alhamisi, tarehe 12 Februari 2026, saa saba na robo mchana: hapo ndipo mambo yalipobadilika katika mjengo wetu wa Kakuma, na mimi nilikuwapo. Naitwa Akuol, lakini pale kila mtu ananiita Mama Aluel, kwa jina la binti yangu. Nauza kahawa ya tangawizi. Kijiwe chetu ni benchi refu lililowekwa chini ya kivuli, na kivuli chenyewe ni nguzo za mti wa mathenge, mabati juu yake, na makuti ya mkoma juu ya mabati ili yasituoke. Mbele yetu kuna mtaro wa mabomba ya shule mpya, wenye kina kupita urefu wa mtu. Mwaka jana mume wangu Mawien alifia katika mtaro kama huo, upande wa pili wa mjengo huu huu. Hakuwa akichimba. Alikuwa amepumzika. Mtu wa mbali hawezi kuelewa kwa nini mtu mzima ashuke shimoni kulala. Mtu wa Kakuma anaelewa: mchana, mahali ambapo miti imekatwa ili kujenga, kivuli cha pekee ni kile kilicho ndani ya shimo, na mchanga wa chini una ubaridi. Ukuta wa mchanga ulimwangukia. Baada ya hapo kampuni ilimleta Jepkoech aanzishe utaratibu wa usalama kazini, na kitu cha kwanza katika utaratibu ule, kabla mtu hajagusa koleo, ni kivuli hiki. Asubuhi ya Alhamisi hiyo ofisi ya Lodwar ilipiga simu. Ilisema mabati yashushwe, lori linakuja kuyachukua.

Kamande, msimamizi wetu, alikaa mwisho wa benchi. Simu alikuwa ameilaza juu ya goti, uso chini. Karibu naye alikaa Ebei, mchanganya zege, ambaye tunamwita Kamishna kwa sababu huamuru kila mtu na hakuna anayemtii. Kando ya Ebei alikaa Nestor, seremala kutoka Kongo. Huyo ni Profesa, kwa sababu hajawahi kusema “sijui.” Wafanyakazi wengine walikuwa wametawanyika mchangani nyuma yetu, chini ya mabati hayo hayo.

Kamishna: Mama Aluel, ongeza tangawizi. Leo ndio mwisho ya kivuli. Kesho tunakunywa kwa jua, kahawa inachemka yenyewe ndani ya kikombe.

Profesa: Papa Kamishna, jua si shida. Shida ni kujua sababu. Kwa nini bale ba Lodwar banataka mabati yetu? Mabati iko mingi Kenya nzima.

Kamishna: Sababu mimi najua. Huko ofisini feni imekufa. Bosi akifunga macho anaona sisi hapa tunakula upepo. Ni wivu.

Kamande: Wee Ebei, acha uongo. Bosi anaezeka stoo, na mabati ya Kitale yamechelewa. Ameniambia mwenyewe.

Profesa: Stoo! Na wewe umekubali? Kamande, banachotaka si mabati. Banataka baridi iliyoingia ndani ya mabati. Hii mabati imelala chini ya makuti siku mingi, imezoea. Ukiipeleka Lodwar inaenda na baridi yake, inamaliza mwezi mzima.

Kamishna: Tena kuna ile ndege haina rubani. Inapita juu kuhesabu wafanyakazi. Saa ya chakula inaangalia, haioni mtu, inaona makuti. Inaambia bosi, watu yako wote wametorokea Sudan.

Kamande: Ndege gani hiyo? Umeiona wapi?

Kamishna: Utaionaje na wewe uko chini ya kivuli?

Wanaume walicheka. Jepkoech hakucheka. Yeye hunywa kahawa akiwa amesimama, akiutazama mtaro.

Jepkoech: Nimewaambia Lodwar tangu asubuhi. Kivuli hiki si pambo. Kwenye mpango wa usalama ndicho namba moja. Ukikitoa, mengine yote yanabaki maneno.

Kamande: Madam, mimi nakubali. Lakini anayeniamuru yuko Lodwar. Hayuko kwenye mpango.

Kamishna: Mengine yatabaki. Helmeti ziko. Ile ubao ya vibati iko. Na ile picha ya mtu ameinua mkono, tumeibandika kila mahali. Mimi siku ya kwanza nilidhani ananisalimia. Nikamwambia, ejok!

Profesa: Akakuitikia?

Kamishna: Hana adabu yule.

Ni kweli kwamba picha hizo za kukataza zilikuja kabla ya kivuli. Jepkoech alipofika alileta helmeti, alileta mikanda, akasimamisha na kibao kilichoandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni marufuku kupumzika mtaroni. Alileta pia vile vibati. Kila anayeshuka anatundika kibati chenye jina lake kwenye ubao ulio mdomoni mwa mtaro, na akipanda anakichukua. Watu walikisoma kile kibao, wakakubali kwamba ni maneno mazuri, na ilipofika saa saba wakashuka kulala.

Kamishna: Na wewe Madam, siku ile ulikaa kutulinda tusishuke. Tulikukuta wapi?

Jepkoech: Ebei, wacha.

Kamishna: Sema tu. Mama Aluel hajasikia hii.

Jepkoech alinitazama, akatazama kikombe chake.

Jepkoech: Walinikuta mtaroni. Nilikaa juani mpaka macho yakaanza kuona giza. Nikajiambia, wacha nishuke niangalie ukuta, nipande. Nikaegemea kidogo. Waliponiamsha nilikuwa nimevua na helmeti.

Kamishna: Alikuwa anakoroma kwa Kikalenjin!

Jepkoech: Ndiyo. Jioni ile niliitisha kikao. Niliwaambia sitawakataza tena kitu ambacho mimi mwenyewe nimeshindwa. Niliwauliza mnataka nini, mkasema wote kwa sauti moja: kivuli.

Sikuwa nimeisikia habari hiyo. Nilikuwa nimemwona Jepkoech kama mtu aliyesoma, ambaye angemwona Mawien mjinga. Nilimwongezea kahawa bila yeye kuomba.

Profesa: Basi mi nakwambia ukweli, Kamande, na hii si mchezo. Kivuli ikienda, Jumatatu mimi nitakuwa ndani ya shimo. Ebei atakuwa ndani. Na wewe mukubwa utakuwa ndani. Wote tutasema tumeshuka kuangalia ukuta.

Nilitazama mikono yao juu ya vikombe, mikono ya watu wenye nyumba na watoto. Nilijua kwamba kivuli kile kikiondoka, kabla ya mvua za Aprili nitakwenda kukaa mkekani na mjane mwingine. Niliomba moyoni, kwa maneno machache, kwa sababu sikuwa na nguvu ya maneno mengi.

Kamande alisimama. Alitoa koleo la kukatia waya mfukoni, akapanda juu ya benchi.

Kamande: Samahani, jamani. Lori liko njiani. Shikeni huku chini, nifungue.

Alifungua waya wa kwanza. Alikuwa ameshika wa pili tuliposikia mlio.

Ulikuwa mlio mdogo. Siku ya Mawien nilikuwa nafagia kanisa na sikusikia kitu, na tangu siku hiyo nilidhani ulikuwa mlio mkubwa kama radi. Kumbe ni kama mtu aliyechoka anavyotua gunia. Kisha vumbi lilipanda juu ya mtaro, likasimama hewani bila kwenda popote.

Ukuta wa mtaro ulikuwa umeanguka, upande wenye kina zaidi. Asubuhi Jepkoech alikuwa ameona ufa pale, akawatoa wachimbaji na kuweka kamba, mbao za kushikilia ukuta zifungwe baada ya chakula. Lakini kamba haizuii usingizi. Pale ndipo palipokuwa na kivuli kizuri kuliko pote.

Jepkoech: Vibati! Kamande, angalia ubao!

Kamande aliruka kutoka kwenye benchi, akakimbia. Tulimwona akisimama mbele ya ubao. Tulimwona akishika kichwa.

Kamande: Kuna kibati! Kimoja!

Jepkoech: Cha nani?

Kamande: Nestor!

Kamishna alipiga ukelele. Akanyakua koleo la kuchimbia, akamtupia jirani yake jingine.

Kamishna: Profesa yuko ndani! Mungu wangu, Profesa amekwisha! Profesa, shika koleo tukachimbe!

Profesa: Twende!

Walikimbia pamoja, machozi yakiwatoka, mpaka karibu na kamba. Hapo Profesa alipunguza mwendo.

Profesa: Ebei. Ngoja. Mimi si niko hapa?

Kamishna alimgeukia. Alimshika uso kwa mikono miwili, akamgusa masikio, kisha akamchapa kofi la bega ambalo lilisikika hadi kwenye benchi.

Kamishna: Mjinga wewe! Umeniliza bure! Kwa nini umeacha kibati?

Profesa: Nilisikia harufu ya tangawizi.

Jepkoech hakutaka kuamini haraka. Aliwarudisha wote nyuma ya kamba, akasimama katikati ya kivuli, akaanza kuwaita kwa majina, wachimbaji, mafundi wa mawe, watu wa zege, hata mlinzi wa geti. Aliita polepole. Kila jina liliitika, na kila jina liliitika kutoka chini ya mabati. Jina la mwisho lilipoitika, aliketi kwenye benchi kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akajifunika uso kwa helmeti.

Simu ya Kamande ililia. Aliiweka kwenye spika ili wote tusikie.

Bosi: Kamande, mabati yameshuka?

Kamande: Bosi, ukuta wa mtaro ndio umeshuka. Ule upande wenye kina. Wote.



Bosi: Wangapi?

Kamande: Hakuna.

Bosi: Nakuuliza watu wangapi wako chini, Kamande!

Kamande: Hakuna hata mmoja, bosi. Ni saa ya chakula. Watu wote wako chini ya mabati yako.

Tulimsikia akivuta pumzi. Alipoongea tena, sauti yake haikuwa ya ofisini.

Bosi: Yaache hapo.

Kamande: Unasema?

Bosi: Nasema yaache! Msiguse hata msumari. Nipe Jepkoech. Jepkoech, mjengo wa Lodwar hauna kivuli. Wa Lokichar hauna. Ule tunaoanza Lorugum hauna. Njoo kesho unionyeshe jinsi vivuli vinavyojengwa. Mahali ambapo kivuli hakijasimama, hakuna kuchimba.

Jepkoech: Ndiyo, bosi. Na mbao za ukuta nahitaji nyingi zaidi.

Bosi: Utapata. Chochote. Njoo tu.

Sijawahi kusikia kelele kama ile katika mjengo. Kamishna alianza wimbo wa ng'ombe wake, akiinua mikono kama pembe na kurukaruka mpaka vumbi likaingia katika kahawa, na hakuna aliyelalamika. Wachimbaji walipiga makarai. Profesa alivishwa kibati chake shingoni kwa waya, akahukumiwa kukivaa mpaka Jumapili, hata kanisani. Kamande alipanda tena kwenye benchi, akaufunga ule waya aliokuwa ameufungua, kisha akaongeza mwingine, na mwingine. Mimi nilimimina kahawa kwa kila mtu. Sikuuza siku hiyo.

Punde wakarudi kwenye ubishi wao.

Profesa: Ukuta umeanguka kwa sababu ya mafuta ya Lokichar. Bakichota huko, ardhi inabaki tupu mpaka huku.

Kamishna: Hapana. Ni ukuta yenyewe imeona aibu. Imengoja watu, imengoja, hakuna mtu anashuka. Ikaamua kuanguka iende nyumbani.

Jepkoech: Ni ufa, ndugu zangu. Ni mchanga na ufa.

Kamishna: Madam, hiyo ni rahisi sana. Haiwezi kuwa kweli.

Hapo ndipo lori lilipoingia getini. Dereva alishuka, mtu wa makamo kutoka Lorugum aitwaye Epuyo, ambaye hakuwa amewahi kufika kwetu. Alisalimia vizuri, akaulizia mabati. Walimjibu wote kwa pamoja, kwa vicheko na kwa kumpiga mgongo. Walimweleza kwamba atarudi na lori tupu na kwamba hilo ndilo jambo jema kuliko yote aliyowahi kubeba. Walimkalisha, nikampa kikombe. Alitazama makuti juu, akatazama mtaro uliojaa mchanga, akatikisa kichwa kwa furaha. Kisha akauliza, kama mgeni yeyote anavyoweza kuuliza:

Epuyo: Na kabla ya hii kivuli, jua likiwa hivi, mlikuwa mnapumzika wapi?

Kamishna, ambaye ana jibu la kila kitu, alifunga mdomo. Profesa alishika kibati chake. Hawakunitazama, na kwa namna walivyojizuia kunitazama nilijua kwamba hawakuwa wamesahau. Walikuwa wamenyamaza kwa ajili yangu miezi yote hii.

Epuyo: Nimesema vibaya?

— Hapana, baba, nikamwambia. Umeuliza vizuri. Kunywa kahawa.

Kamande alivua helmeti. Wengine wakavua.

Kamande: Mama Aluel, tuombee.

Nilisimama. Sina maneno ya mchungaji, nilisema niliyokuwa nayo.

Bwana, leo umewaita hawa wote kwa majina na wote wameitika. Tunakushukuru. Mawien hakuitika siku ile, lakini wewe unajua alipo. Hakuwa amekosa, Bwana, alikuwa amechoka na jua lilikuwa kali. Umwondolee mchanga machoni. Umpe mahali pa baridi karibu nawe, alale bila kuamshwa na nyundo, mpaka siku utakapomwamsha wewe mwenyewe. Na hawa uwarudishe nyumbani jioni kwa miguu yao. Amina.