Kipa wa Fainali Ile

Muuguzi alikuwa anasinzia kwenye treni, akitoka zamu, aliposikia watu wa kiti cha mbele wakimsema baba yake. Hawakumjua, walimwita tu "yule kipa aliyeachia mpira ukampita miguuni kwenye fainali." Usingizi ukamruka. Tangu siku ile mzee alikwepa watu, hata nywele alijinyoa mwenyewe.

"Hakuna kipigo kilichouma mji huu kama kile," alisema kinyozi mmoja aliyepakata mkoba wa mashine zake. "Nilisusa chakula, mke wangu akadhani naumwa."

Mama wa makamo aliyeketi kando yake akacheka. "Hujaona kitu, mwanangu. Mwaka tuliokosa penalti zote, mimi nilizimia uwanjani!"

"Lakini fainali, mama! Kombe tulikuwa tumeshalishika masikio!"

"Na nani alitufikisha fainali, kama si kipa huyohuyo? Nikikutana naye leo, namkumbatia."

"Hata mimi ningemnyoa bure," kinyozi akakubali. "Ila fainali iliuma zaidi."

"Penalti!"

Mabishano ya namna hiyo hayana refa. Treni iliposimama, walishuka wakiendelea kuvutana. Muuguzi aliwakimbilia, uso umemchanua, akamgusa kinyozi begani.

"Samahani, kaka. Unanyolea wapi? Nataka nimlete baba yangu."